Nyanjige na Karatasi ya Msamaha

Nyanjige Salu nilimfahamu kwa kubishana naye. Ulikuwa msimu wa 2004, makampuni binafsi yamejaa Bariadi, kila moja na mizani yake na bango lake la bei. Mimi nilikuwa nakusanya pamba kwa wakulima wa Shishiyu na kuileta mjini kwa lori la kukodi. Kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba nikakuta mpimaji ni mwanamke. Alizamisha mkono kwenye gunia langu mpaka begani, akavuta pamba ya chini, akaiangalia.

"Fifi," akasema. Yaani daraja la pili.

"Dada, tuzungumze."

"Bei kazungumze na meneja, baba. Daraja hatuzungumzi."

Juu nilikuwa nimeweka safi, na yeye alijua. Nilijaribu soda, nikajaribu utani, nikamwambia ana jicho kama la mama mkwe. Alicheka, akaandika fifi. Tangu hapo nikawa nauza pale pale, maana mpimaji asiyehongeka kwangu hahongeki kwa mwenzangu pia.

Miaka mitano ikapita hivyo. Mwaka 2009, siku ya tatu ya msimu, nilikuwa nasubiri zamu yangu kwenye mizani alipokuja meneja mpya, Anatoli. Alimtazama Nyanjige tumbo, kisha usoni.

"Mwenye mimba hapimi pamba hapa," akasema. "Ukianguka nani atalaumiwa?"

"Mimba ya kwanza nilipima mpaka mwezi wa nane, bosi. Ulikuwa hujafika."

Wapagazi wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomponza. Jumamosi akapewa barua: kampuni inapunguza wafanyakazi. Jumatatu kwenye mizani yake akasimama kijana mmoja anaitwa Shigela.

Nyanjige akaja kwangu na barua mkononi. "Mwangaluka, baba Machibya."

"Mwangaluka, ng'wana Salu. Keti."

Hakuketi. "Sheria inakataza kumfukuza mtu kwa mimba. Wameibandika wenyewe getini. Nataka niende kwenye usuluhishi wa kazi Shinyanga, nirudishwe kwenye mizani. Aliyosema ulisikia kwa masikio yako. Utakuwa shahidi?"

Hapa nitasema ukweli. Nilifikiria lori langu, ambalo lazima lipite kwenye geti la Anatoli. Kwa hiyo nikampa ushauri ulionifaa mimi, nikauvalisha nguo za busara.

"Mashtaka ni ya mwisho," nikamwambia. "Tuanze kinyumbani."

Kinyumbani maana yake hivi. Huku kwetu mtu akitaka kurudi mahali alipotolewa, anajishusha kwanza. Ndugu wanapeleka mbuzi, mkubwa wao anasema, "Tumekosa, tusamehe," hata kama kosa halijulikani. Mwenye nyumba naye anajishusha, ndipo mazungumzo yanaanza. Maneno hayo ya mlangoni hakuna anayekuja kuyashika kama ushahidi baadaye.

Tukaenda: mimi, Nyanjige, na baba yake mdogo, Mboje, akivuta beberu. Anatoli alitupokea vizuri mno. Mboje akasema maneno yake. Meneja akaitikia kwa kichwa, akamwita karani, akamwamuru achape mistari minne kwenye karatasi.

Nyanjige akaisoma yote. "Hapa pameandikwa nakiri kosa la kumficha mwajiri hali yangu. Sikuficha kitu. Tumbo ni hili."

"Weka saini," nikamnong'oneza. "Ni maneno ya ofisini tu hayo."

Akaweka saini. Anatoli akasema atamwita, na beberu akabaki.

Hakumwita. Wiki mbili tulipigwa kalenda, leo yuko Mwanza, kesho yuko kikaoni. Nyanjige akaacha kuniomba ruhusa, akapeleka malalamiko Shinyanga kabla siku thelathini za kisheria hazijaisha. Safari hiyo nikaenda naye, nikasema mbele ya msuluhishi nilichosikia, neno kwa neno. Anatoli hakubisha hata kidogo. Alifungua faili, akatoa ile karatasi.

"Saini ni yako, mama?" msuluhishi akauliza.

"Ni yangu. Lakini kwetu kuomba radhi siyo kukiri."

"Nakuelewa. Mimi mwenyewe ni wa Maswa." Akaisukuma karatasi katikati ya meza. "Kuhusu mimba, sheria iko upande wako. Ila wao wataacha ile barua ya kupunguza wafanyakazi, waseme umefukuzwa kwa kudanganya, na watashika hii. Mimi hapa sihukumu. Msipopatana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na linaweza kuchukua miezi."

Nyanjige alikuwa amebakiza wiki tatu kujifungua. Akauliza swali moja tu: "Kwenye mizani nitarudi?"

Anatoli akatikisa kichwa.

Walipatana mchana ule. Nyanjige alitoka na mshahara wa miezi minne na cheti kinachosema alikuwa mpimaji kwa miaka tisa. Mizani hakuipata, na mpaka leo anauza nguo za mitumba. Anatoli alibaki na Shigela wake, na wanawake waliobaki kiwandani wakajifunza kufunga kanga kwa kulegeza. Mimi geti lilifungwa vile vile, kwa sababu ya ushahidi niliochelewa kuutoa; pamba yangu naipeleka Maswa, mafuta ya lori juu yangu.

Nikikutana na Nyanjige sokoni ananisalimia kwa heshima zote. Hajawahi kuniomba ushauri tena.