Siku Aliyokataa Mlenda

Hadi leo nikinusa alizeti inayokamuliwa, namwona akiingia uani kwetu Issuna, mabega yamejaa vumbi, akipaza shikamoo kabla hajaufikia mlango. Alikuwa mtoto wa jirani. Tulikua pamoja, na baadaye akawa mnunuzi wetu wa alizeti. Mama alimtengea bakuli lake la mlenda. Akila, alitusimulia mashine yake ya kukamua mafuta mpaka na sisi tukaiota. Mimi niliisikia ikinguruma usingizini, upepo ukitikisa mabati.

Msimu mmoja alipakia magunia yetu yote kwa ahadi ya kulipa baadaye. Mwezi haukuisha, tukasikia mahakama imemtangaza kuwa amefilisika. Hakuna aliyeruhusiwa kumdai tena. Kilichobaki kingegawanywa na mfilisi, na hakikubaki kitu. Nilichukia mpaka chakula kikanishinda. Hela ile ilikuwa ya kumtibu mama macho hospitali ya Kiomboi, na kila wiki ukungu ulimzidi.

Wakili alituambia imebaki njia moja: tuthibitishe kwamba alichukua mzigo kwa udanganyifu, huku akijua hawezi kulipa. Karatasi za mahakama zilionyesha mashine ilishauzwa kabla hajaja kwetu. Sasa siku ile alisema nini? Aliyeongea naye ni mama peke yake, na mama hakutaka kusema.

"Yule amekula kwangu tangu ana mapengo," alinijibu. "Ameteleza tu."

"Mama, ametuibia!"

"Hebu nyamaza."

Siku ya kesi mama, aliyeitwa kuwa shahidi, alibeba ugali na mlenda kwenye hotpoti mpaka mjini. Tulimkuta yule mnunuzi amekaa kwenye benchi nje ya mahakama, amekonda, shati limemzidi. Nilimhurumia, nikajikasirikia kwa kumhurumia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nawa mikono, ule."

Mama alifunua hotpoti. Mvuke ukapanda katikati yao, na kwa kitambo nikaona tuko uani kwetu, watoto tena, tunagombania ukoko. Yeye alikitazama chakula muda mrefu.

"Nimeshiba, mama."

"Hata siku ile ulisema umeshiba," mama akasema, akafunika taratibu.

Ndani, jaji alipomuuliza mama, alijibu bila kusita: "Nilimkaribisha mlenda, akakataa. Alikuwa hajawahi kukataa. Akasema ameshiba, ana haraka, mashine yake inamsubiri."

Tuliruhusiwa kuendelea kumdai. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale ngazini, lakini mama alinishika mkono akaniomba nimwongoze, maana ngazi hakuziona vizuri.

Kwenye basi aliipakata hotpoti, ikiwa bado ya moto. Nje mashamba ya alizeti yalipita, ya njano, hayaishi. Karibu na Ikungi ndipo alipolia.

"Angekula hata tonge moja," alisema, "nisingesema."