Lastiki Zilipokatika Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, hili nalisimulia mara moja tu, anayetaka kucheka acheke nikiwepo, maana mpaka leo nikipita uwanja wa Mpuguso nainamisha uso kama mtu anayetafuta sindano.

Mimi nauza nguo za michezo za kizamani Tukuyu mjini, zile traksuti za wabunifu wakubwa wa Ulaya zilizovaliwa enzi za wazazi wetu, vijana wanaziita vinteji na wanazigombania kuliko mpya. Belo langu la kwanza nililichukua kwa bei ya jumla Mbeya, na nilipolifungua nilikaa chini kabisa: rangi zinang'aa, zipu nzima, nembo za kushonwa. Nikaona nisingoje wateja dukani. Kulikuwa na bonanza Mpuguso, kina mama wa kiwanda cha chai wanavuta kamba na wenzao wa Masukulu, nikawaambia nitawavalisha timu nzima bure ili watu wazione zikiwa mwilini, halafu na mimi nikaingia kuvuta (hakuna aliyeniomba).

Sikujua kwamba lastiki ya miaka yote hiyo, hata kama nguo haijachujuka, ndani imeshakuwa kama tambi kavu.

Na sikujua kwamba kwenye viti vya mbele kakaa baba mkwe wangu, katoka Lupepo. Niwaeleze wasio wa huku: kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani hovyo. Wengi siku hizi wamelegeza, ila yule mzee bado; tangu niolewe hatujawahi kusalimiana uso kwa uso, salamu zote zinapitia kwa mama mkwe.

Filimbi ikalia, tukavuta, nikasikia kiunoni krr, kama mtu anatafuna kashata, na suruali ikaanza kushuka. Nikiachia kamba tunashindwa, nisipoiachia naaibika, basi nikaiachia, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nguzo ya nyuma, wenzangu wote wakaburutwa kifudifudi matopeni, na kutoka huko chini nikasikia krr, krr, krr, za kwao nazo.

Tumpe, kiongozi wetu, akaniuliza taratibu akiwa amelala vilevile kwenye tope, "Dada, ulituvalisha au ulitutega?"

Nilikuwa nimesimama na bukta ya mume wangu niliyoivalia ndani (ile yenye tundu nyuma), suruali imeshaniwahi iko miguuni, nikainua macho, yakatua moja kwa moja kwa baba mkwe. Hata kuinama niivute suruali nilishindwa. Mzee akanyanyuka, akakigeuzia kiti chake kwenye migomba, akakaa tena, ameupa mgongo uwanja mzima.

Nilijifungia ndani. Nilijua kesho narudishwa kwetu, na mume wangu kazi yake ilikuwa kushika kichwa. Jioni mama mkwe akaja, amebeba kitenge kipya, akanifunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Baba yako anakusalimu," akasema. "Anasema jua lilikuwa linampiga machoni, hakuona kitu."

Siku ile ilinyesha tangu asubuhi, na ukungu juu yake.

Nikalia palepale mlangoni. Sasa kila suruali ya belo naitoa lastiki na kushona mpya kabla haijagusa kiuno cha mtu, na kamba sivuti tena maishani mwangu, hata iwe ya kuanikia nguo.