Shahada ya Nchi za Watu

Nilipomaliza kidato cha sita, kijijini kwetu Gorong'a hakuna aliyeniuliza nimepata daraja gani. Waliniuliza nitakwenda lini Nyakunguru. Dhahabu ilikuwa imeonekana huko, na vijana wengi wa kata yetu walikuwa wameshaacha majembe wakachukua sururu. Kaka yangu alitangulia. Mama akamfuata, yeye si kwa kuchimba bali kwa kupika. Alijenga kibanda cha mabati kando ya njia ya kwenda mashimoni, akaanza kuuza chai, chapati, na ugali kwa dagaa. Mimi nikamfuata mama, baba akabaki nyumbani na ng'ombe wake.

Ni pale kibandani nilipojua nataka kusomea nini. Kwenye benchi letu walikaa watu wa kila upande: Wakurya wenzetu, Wajaluo kutoka Migori, vijana wa Geita waliozoea machimbo, fundi wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, aliyetoka Uganda, na Mrundi mmoja mpole aliyekunywa chai ya rangi bila sukari. Walibishana kuhusu kila kitu. Kwa nini fedha ya nchi fulani ina nguvu, kwa nini wale wana vita na hawa wana amani, rais gani anajua kazi. Mimi nasukuma chapati, masikio yako kwenye benchi.

Siku moja yule Mrundi aliuliza, "Huu mpaka wa hapo Sirari, aliyeuchora alikuwa amesimama wapi?"

Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Chapati ikaungua kikaangoni mbele yangu. Jioni, tukiosha vyombo, nikamwambia mama nataka kusomea uhusiano wa kimataifa na masomo ya kanda.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Unasoma nchi, mama. Historia zake, watu wake, zinavyopatana na zinavyogombana."

Mama akasugua sufuria kwa muda. "Mambo ya nchi za watu," alisema. "Na yetu imo?"

"Imo."

"Basi sawa. Lakini utafute chuo kinachotutosha sisi. Usitafute kinachowatosha watu wa kwenye picha za matangazo."

Nikaanza kutafuta. Kila nilipopata nafasi nilipanda pikipiki hadi mjini Bomani, kwenye steshenari moja yenye kompyuta za kukodi, nikafungua kurasa za vyuo. Mkopo wa serikali nilikuwa nimeukosa, kwa hiyo nilianza kwa kuangalia ada kabla ya kuangalia masomo. Vyuo vya Dar es Salaam vilivyonivutia vilikuwa na ada ya kuvumilika, ila ukijumlisha chumba, chakula na nauli, hesabu ilikataa. Chuo kimoja cha binafsi kiliweka picha ya bwawa la kuogelea. Nilipoona ada yake nikaelewa kwamba bwawa lile tungelichimba sisi wenyewe.

Aliyenitoa kwenye kompyuta ni shangazi, dada yake baba. Aliolewa upande wa Kenya na anauza nguo pande zote mbili za mpaka, mwanamke mwenye sauti ya sokoni hata akiwa kanisani. Alipita kibandani kutusalimia, akanikuta nimeinamisha kichwa.

"Achana na Dar es Salaam," alisema. "Hapo kwangu kuna chuo wanafundisha hayo mambo yako. Utalala kwangu, utakula kwangu. Twende kesho."

Tukaenda. Nilivaa sketi yangu ya kanisani, shangazi akavaa kitenge kipya na kubeba mkoba ambao hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Ofisini tulimkuta karani kijana, tai imembana shingo, mtu wa adabu sana. Alimwamkia shangazi vizuri, akapitia vyeti vyangu, akatabasamu. Alama zilitosha. Kisha akaona kitambulisho.

"Sasa, huyu ni mwanafunzi wa kigeni," alisema. "Ada ya wageni iko tofauti, mama. Iko juu kidogo."

Akatuonyesha. Haikuwa kidogo.

Shangazi akaketi vizuri. "Mgeni wa nani?"

"Wa kutoka Tanzania, mama."

"Mwanangu, bibi yake huyu amezikwa hapo nyuma ya soko lenu. Mimi nimezaa watoto wangu wote hapa. Ukisimama kwenye kilima kile unaona moshi wa jiko la kwao."

"Naelewa, mama. Si mimi naamua. Ni vile sera iko."

"Na hapa mnafundisha nini?"

Kijana akajikohoza. "Uhusiano wa kimataifa."

Nilitazama sakafu nisicheke. Shangazi hakucheka hata kidogo. Alifungua mkoba, akatoa kitambulisho chake cha Kenya, akakiweka mezani. "Basi niandikishe mimi. Huyu atakuwa ananisaidia kusoma."

Hapo karani alishindwa kujizuia, na mama mmoja aliyekuwa akipanga mafaili nyuma yake akacheka mpaka akavua miwani. Baada ya kicheko hicho hatukuwa wageni tena, ingawa ada ilibaki palepale. Kijana alitutoa mpaka kwenye kivuli cha ukuta na kuongea kwa sauti ya chini, kama ndugu.

"Dada, mimi mwenyewe nasoma kwa masafa. Nafanya kazi hapa mchana, nasoma nyumbani. Kwenu pia kiko chuo cha umma cha namna hiyo. Unapata masomo kwa simu na vitabu, unaenda tu kwa mitihani. Tafuta hicho. Hapa utachoka bure."

Njiani kurudi mpakani shangazi alimsifu yule kijana, akasema hana mke, na kwamba kama ningekuwa na akili ningejua la kufanya. Mimi nilikuwa nawaza Bomani tu.

Kesho yake nilikitafuta, nikakipata. Kilikuwa na shahada niliyoitaka, kikiwa na kituo cha mitihani Musoma, na kizuri kuliko vyote, unalipia somo unalolichukua, si mwaka mzima kwa mkupuo. Nilipomweleza mama alifurahi kuliko mimi.

"Hicho ndicho chuo kinachojua biashara," alisema. "Mtu analipa alichokula."

Masomo ya kwanza alinilipia kaka, maana msimu ule shimo lao lilikuwa limetema dhahabu. Baadaye shimo likanyamaza, kaka akarudi kwenye mahindi bila kinyongo, na masomo yaliyofuata yakalipiwa na chapati. Nilisomea nyuma ya kibanda, mgongo kwenye bati, karasha ikisaga mawe upande wa pili hadi maneno yakatetemeka kitabuni. Mtandao ulipatikana ukisimama karibu na choo, kwa hiyo wateja walijua: nikiwa kule na simu juu, niko darasani.

Benchi nalo likaanza kusoma. "Leo tumefundishwa nini, mwalimu?" waliuliza wakiingia, na ole wangu nikisema hakuna kitu. Tulimaliza vita baridi kwa wiki nzima ya chai ya asubuhi. Tulipofika kwenye mipaka ya Afrika nilimngoja Mrundi akae, nikampa jibu lake. Nilisema mpaka wetu ulipangwa Ulaya, na Waingereza na Wajerumani, kwenye ramani, kwa mstari uliotoka ziwani kuelekea baharini.

Alifikiri. "Kumbe hawakusimama popote."

"Waliketi," nikasema.

"Ndiyo maana," akasema fundi wa Uganda, na benchi zima likakubaliana kwa mara ya kwanza tangu nianze kulifahamu.

Haikuwa njia nyepesi. Uchumi wa kimataifa niliufeli, nikaurudia, nikaufaulu kwa shida. Masika moja upepo uliangusha kibanda chote, nikasimamisha masomo hadi wachimbaji walipotujengea kingine, tena kikubwa, chenye dirisha walilosema ni la maktaba. Utafiti wangu wa mwisho niliufanya juu ya wanawake wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka. Shangazi alikataa kuitwa mhojiwa. Alitaka aandikwe mtaalamu. Mwalimu wangu, ambaye nilimjua kwa sauti tu, alinipigia simu akasema sura yenye maneno ya yule mtaalamu ndiyo aliyoisoma mara mbili.

Nilichukua miaka mingi kuliko wenzangu waliokwenda mjini, lakini nilihitimu. Sikuwa balozi, ingawa baba amewatangazia watu hivyo na sijafanikiwa kumsahihisha. Nafanya kazi Sirari, kwenye umoja wa wanawake wafanyabiashara. Nawasomea kanuni za forodha kwa lugha ya kueleweka, na wanapozuiliwa mzigo ninakwenda nao kuuliza sababu. Kazi naipenda. Kila siku kuna mtu ambaye pande mbili zinamdai karatasi tofauti, na kila siku tunapata pa kupita pasipo kuvunja sheria.

Baba naye amekuwa mtu wa kunitumia kuamua ubishi. Wiki iliyopita alinipigia akiwa mnadani Mugumu, nyuma yake ng'ombe wanalia na wazee wanazozana.

"Hapa kuna mtu anadai ipo nchi haina jeshi kabisa. Mwambie ni uongo. Nimekuweka spika."

"Shikamooni wazee," nikasema. "Baba, si uongo. Zipo. Mojawapo inaitwa Kostarika."

Mkurya, ambaye kwao kila ukoo una kijana jeshini, kuambiwa kuna nchi haina jeshi si jambo la kupokea amesimama. Nikasikia akirudia jina hilo taratibu kwa wenzake, wakijadiliana kwa Kikurya, kisha akarudi kwenye simu, sauti imejaa huruma.

"Sasa mwanangu, vijana wao wenye nguvu wanaajiriwa wapi?"