Mwisho Ulioshibisha Ndege

Enzi zetu, sisi watoto wa Bujonde, kule Kyela, likizo maana yake ilikuwa mpunga. Masuke yakianza tu kuinama, tunapewa debe bovu la kupiga, ndizi za kuchoma, na onyo la mama: "Ndege wakila shambani, nyumbani hamli." Tunapanda dunguni, mimi, wadogo zetu na Atupele, binti wa mama mdogo, tukaamia ndege tangu umande haujakauka. Miguu ilinuka tope siku nzima, na ndizi zilipoungua upande mmoja ndipo zilipokuwa tamu.

Kundi moja la ndege likiondoka, kabla jingine halijaja, tulisoma kitabu. Nyumbani kilikuwa hicho tu, cha hadithi fupi, na hakuna hadithi hata moja iliyokuwa na mwisho. Aliyetufanyia hivyo ni babu. Alisokotea tumbaku yake karatasi, lakini wino, alidai, ulimkwaruza koo. Basi akagundua kwamba hadithi inapoisha, ukurasa hubaki mweupe karibu nusu. Akazichana kurasa hizo kwa uangalifu wa mtu anayechuma kakao iliyoiva. Tulipolalamika, alisema hadithi zote ametuachia, yeye kachukua mikia tu.

Ikabidi mikia tuitunge wenyewe. Kila mtu alitoa wake, na mshindi tulimpima kwa ndege. Mwisho ukiwa mzuri, watu hukaa kimya, debe likasahaulika, ndege wakashuka. Miisho yangu haikuwahi kupoteza hata punje. Nikiwa bado nasimulia, mtu alishainuka na debe. Ya Atupele ilitupunguzia mavuno, na fimbo tukala.

Hadithi tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama aliyemwekea mwanawe chakula kila jioni, mwana aliyeondoka zamani bila kuaga. Siku moja hodi inabishwa mlangoni. Hapo ndipo babu alipochana. Mimi nikasema mwana aliingia, akapiga magoti, akaeleza alikokuwa, mbuzi akachinjwa, majirani wakaitwa. Nilijiona nimemaliza kazi.

Atupele akasema, "Mama alisikia hodi. Hakwenda mlangoni kwanza. Alikwenda jikoni kupasha chakula moto."

Akaishia hapo. Debe hakuna aliyeligusa. Ndege walikula mpaka ukingo wa mfereji, na fimbo ya mama siku ile haikuniuma kama wivu.

Wivu huo nimezeeka nao. Mwaka huu, sokoni Mbeya, nikakiona kitabu kile kwa muuza vitabu chakavu, kizima, na mikia yake yote. Nilikifungua nikiwa nimesimama juani. Mwana aliingia, akapiga magoti, akaeleza alikokuwa, mbuzi akachinjwa. Ulikuwa mwisho wangu! Siku hiyohiyo nikashuka Kyela. Nikisema nilikwenda kumsalimia ndugu yangu nitakuwa naongopa. Nilikwenda kushinda.

Nilimkuta Atupele uani, kaanika mpunga kwenye turubai, wajukuu wakiulinda usiliwe na kuku huku macho yapo kwenye simu. Watoto wa siku hizi wana haraka zao. Tamthilia hawajaianza, wanakimbilia sehemu ya mwisho. Wakishajua nani kafa na nani kaolewa, ndipo wanarudi mwanzo, tena kwa kurukaruka. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja kisicho na miisho, wao miisho wanayo mfukoni na haiwakalii kichwani hata mpaka kesho. Nawaonea huruma, na nawaonea wivu pia, maana hakuna babu aliyewahi kuwachania kitu.

Nikakaa karibu na turubai, nikapewa fimbo ya kufukuzia kuku, nikawasomea hadithi yote. Mwisho niliusoma polepole, kila neno.

Atupele akacheka kwa furaha, hana kinyongo hata chembe. "Ndaga, asante, ndugu yangu," akasema. "Kumbe ulipatia."

Mjukuu mmoja alishainuka kufukuza kuku. Mwingine akauliza, "Bibi, wewe ulisemaje?"

Akawaambia, kwa maneno yaleyale: hodi, jiko, chakula. Aliyekuwa amesimama akakaa. Simu zikazimika zenyewe mikononi. Kuku wakapanda turubai, wakala walivyotaka. Mimi ndiye niliyekuwa karibu nao kuliko wote, fimbo ninayo, na sikuinuka.