Matairi ya Mbele Niliyoyachagua Mimi

Siku ile kiwanjani Buswelu tulikuwepo watu saba, na nawataja wote kwa sababu kila mmoja wao aliona. Nilikuwepo mimi, fundi pancha wa Kirumba. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, mwenye kigari. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, msichana, ameshika simu ya kuhesabia muda. Baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Usagara kwa pikipiki, bila kualikwa. Walikuwepo vijana wawili wenye vigari vyao, mmoja wa duka la spea na mwingine mtoto wa mwalimu. Na alikuwepo mwenye kiwanja, mzee mwenye karakana ya injini za mitumbwi pale Kirumba. Huyo ndiye tuliyemwendea.

Vigari hivyo si vya kuchezea watoto sebuleni. Kimoja ni kirefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, kina betri na springi za kweli, na kinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kazi ya magurudumu ya mbele ni kukata kona. Mwendeshaji anasimama juu ya kreti za soda na rimoti mkononi. Mzee yule aliupenda mchezo huo kuliko mpira. Alikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi kwenye karakana yake na alisema hataki kuona cheti cha mtu. Kila kijana alete kigari alichokitengeneza mwenyewe, akizungushe mara kumi.

"Atakayekituliza nampa spana," alisema. "Atakayekipindua arudi kwao."

Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na matokeo yake hayakumpeleka popote. Miaka miwili alikuwa anashinda kibandani kwangu akinishikia pampu. Kigari alikiokota kikiwa kibovu kwenye mitumba ya vyombo vya umeme, akakifufua kwa vipande vya redio na nyaya za taa. Alikijua kila skrubu. Nafasi ile ilikuwa yake, na hata wale vijana wawili walijua hivyo.

Jana yake mchana tulikuwa kibandani, kigari kiko juu ya meza, mimi nimeshika matairi mawili mapya ya mbele. Nilikuwa nimemwagiza mteja wangu mmoja aniletee kutoka Dar. Yalikuwa mapana, yamejaa meno marefu ya mpira kama brashi. Kigari kilikuwa na matairi membamba yenye mistari ya kuzunguka tu, tena mistari yenyewe imelika.

"Haya kaka yanafaa kwa tope au mchanga," mdogo wangu alisema. "Kiwanja cha mzee kinamwagiwa maji alfajiri kisha kinashindiliwa. Udongo ukishikana vile, mbele ikiuma sana, nyuma inatoka. Inazunguka kama mbwa anayefukuza mkia."

"Nyuma inatoka kwa sababu hujui kupunguza mafuta."

"Hakina mafuta, kaka. Kina betri."

Mdogo wetu wa kike akacheka hadi akaweka daftari lake chini. Mimi sikucheka.

"Hayo uliyoweka ni vipara," nikasema.

Neno hilo nyumbani kwetu hakuna anayelijibu.

Wazazi wetu walikufa kwa tairi la mbele. Baba alikuwa ameazima pikipiki ya baba mdogo, mama amekaa nyuma. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu, wakafika njia panda ya Usagara, tairi likateleza kwenye lami na lori lilikuwa linakuja. Niliiona pikipiki kituo cha polisi. Tairi la mbele lilikuwa laini kama goti. Baba mdogo alijua. Alisema alikuwa na mpango wa kulibadilisha. Alilisema hilo msibani, mbele za watu, akiwa ameshika sahani ya wali.

Siku ya kumaliza matanga alinikalisha kwenye kiti cha baba, akanivisha koti la baba, akawapanga wadogo zangu mbele yangu. "Kuanzia leo huyu ndiye baba yenu," akawaambia. "Mtamwamkia. Na neno lake halirudishwi mbele ya watu." Wakasema shikamoo. Nikaitikia marahaba. Nilikuwa kidato cha pili na koti lilinifika magotini. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule, nilikwenda kuomba kazi kwenye kibanda cha pancha. Watu hudhani nilichukua kazi iliyokuwepo. Mimi nilikwenda kwenye matairi kwa makusudi, na tangu hapo hakuna aliyetoka kibandani kwangu na kipara mbele bila kugombana nami.

Kwa hiyo nikachukua wembe. Matairi ya vigari hivi hubandikwa kwenye rimu kwa supaglu, huwezi kuyavua kama soksi. Nikayakata yale membamba nikayatupa kwenye ndoo ya mabaki, nikasugua rimu, nikatia sponji ndani ya yale ya meno, nikabandika. Mdogo wangu alinishikia rimu zikauke. Hakuwa na rimu nyingine za mbele. Alishika kwa uangalifu sana, vidole havitingishiki.

"Asante kaka," alisema nilipomaliza.

Asubuhi ile kiwanja kilikuwa kama alivyosema. Udongo mwekundu umelowa, umeshindiliwa, unang'aa. Baba mdogo aliegesha pikipiki kwenye kivuli, akatutazama.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Kumbe mji mzima umekosa kazi, wanaume wenye ndevu wanacheza midoli."

"Ndevu zenyewe ziko wapi, baba mdogo?" mdogo wetu wa kike akamwuliza, akimtazama kaka yake kidevuni. Hata mzee akatabasamu.

Tulipewa mizunguko miwili ya kujaribu. Kwenye kona ya kwanza kigari kiliingia kwa ghafla kama kimevutwa na kamba, nyuma ikachomoka, kikazunguka. Kwenye kona ya pili gurudumu la ndani likanyanyuka, kikasimama kwa upande mmoja, kikarudi chini. Mdogo wangu alishuka kwenye kreti, akakichukua, akaja nilipokuwa nimesimama. Mkononi alikuwa na mkasi mdogo, wa kukatia uzi.

Alisema kwa sauti ya chini. "Kaka, naomba nipunguze safu ya nje ya meno. Dakika tano tu. Yakipungua, mbele itaachia kidogo na nyuma itatulia."

Kila mtu alikuwa anatutazama. Baba mdogo alikuwa anatutazama, ameegemea pikipiki yake, na macho yangu yakaenda kwenye tairi lake la mbele. Lilikuwa jipya. Baada ya miaka yote hiyo alikuwa amebadilisha.

"Hakuna kipara kwenye nyumba yangu," nikasema. Nilisema kwa sauti, ili baba mdogo asikie.

Mdogo wangu akaurudisha mkasi mfukoni. Angeweza kukata. Kigari kilikuwa chake, mkasi ulikuwa wake, na mimi nisingemnyang'anya mbele ya mzee yule. Lakini aliamkia koti lile akiwa na miaka tisa.

Kijana wa duka la spea alimaliza mizunguko yake kumi polepole, hakupinduka. Mtoto wa mwalimu alipinduka mara moja. Sisi tulifika mzunguko wa tatu. Mdogo wangu alijitahidi, aliingia kona kwa upole kiasi kwamba kigari kilikuwa kinatembea kama bibi harusi. Lakini matairi yale yakikutana na udongo yalishika kwa nguvu na kila kitu cha juu kikaendelea na safari. Kikalala chali, magurudumu yanazunguka hewani.

"Mmenunua gari au kobe?" baba mdogo akauliza.

Hakuna aliyecheka. Mzee alikwenda kukichukua mwenyewe. Akakipindua mkononi, akayabonyeza yale meno kwa kidole gumba.

"Matairi haya kachagua nani?"

Mdogo wetu wa kike aliinua macho kutoka kwenye simu akanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Haikuwa fupi. Nakumbuka kuku wa jirani wakiparua nyuma ya kreti, na maji yakidondoka kwenye mpira wa kumwagilia.

"Mimi, mzee," mdogo wangu akasema.

"Ulijaribu ukaona kinanyanyuka?"

"Niliona."

"Na mkasi nikauona umeutoa."

"Ndiyo, mzee."

"Ukaurudisha."

"Ndiyo."

Mzee akampa kigari chake. Hakuwa na hasira. "Kukosea hakunisumbui, mwanangu. Lakini mtu anayeona mashine inalalamika na mkasi anao mkononi, halafu anaacha, huyo siwezi kumpa injini ya mtu anayekwenda ziwani."

Nafasi akapewa kijana wa duka la spea. Baba mdogo akawasha pikipiki. Kabla ya kuondoka alinipiga bega akasema, "Pole, baba," na sijui kama alikuwa ananidhihaki. Hadi leo namchukia kwa neno hilo kuliko kwa tairi.

Njiani kurudi Kirumba mdogo wangu alibeba kigari kifuani. Nilimwambia matairi yalikuwa mabovu, ya Dar siku hizi ni feki. Akasema, "Inawezekana, kaka." Mdogo wetu wa kike alitembea mbele yetu na hakugeuka hata mara moja. Jioni alinipakulia chakula, yeye akaenda kula jikoni.

Sasa mdogo wangu anabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni. Asubuhi anapita kibandani kwangu, nguo zake zina magamba, ananiamkia shikamoo na mimi naitikia. Nimemwagizia matairi mengine ya mbele, membamba, yenye mistari, pamoja na rimu zake. Yako kwenye droo ya meza, kwenye mfuko wake, na kigari kiko juu ya kabati nyumbani bila matairi ya mbele, kwa sababu yale ya meno aliyakata siku ileile. Sijampa. Nikimpa atasema asante kaka, na tutakuwa tumemaliza, na si hayo ninayodaiwa.

Ninachodaiwa ni sentensi moja, niiseme kwa mzee yule, mdogo wangu akiwa amesimama hapo anasikia. Karakana yake iko dakika kumi kwa miguu kutoka kibandani kwangu. Upepo ukitoka ziwani nasikia injini zake zikijaribiwa, na nikiwa na gurudumu mikononi huwa nasimama nasikiliza, kisha naendelea kuziba. Bado sijaenda.