Samli Iliyowaka Kimya

Wiki iliyopita nilikuwa dukani kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Mwanza, hapa Clintonville. Mbele yangu alisimama mama Mkongomani, anamtafutia mumewe samli ya mitishamba. Mzee hapati usingizi tangu wafike huku Amerika.

Mwenye duka hauzi samli hiyo bila kuipima. Alichovya utambi wa pamba katika chupa ya kwanza, akauwasha. Ukalia ta-ta-ta.

"Hii ina maji, mama. Dawa iliyoiva huwaka kimya."

Akawasha utambi wa chupa ya pili. Kimya kabisa. Mwali ulisimama wima, kisha ukainama polepole kuelekea mlangoni, na mlango ulikuwa umefungwa.

"Umeona? Hii ndiyo yenyewe."

Mama akarudi nyuma. "Bon, unipatie ile ya kwanza."

"Lakini ile mbovu!"

"Ile iko inasema. Mama yangu alikuwa anatuambia, moto ikinyamaza, donc kuko mutu anasikiliza."

Ile nzuri nikainunua mimi, msomi nisiyeamini mambo hayo. Iko kabatini, sijaigusa, na siku hizi jikoni kwangu redio haizimwi.