Siku Niliyoandika "Maji Safi" Ufukweni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya maji Kilosa, nilikabidhiwa chupa kumi na mbili zilizochemshwa na kuagizwa niende mtoni. Nilikuwa binti wa Kisanga, nimetoka chuoni na cheti cha ufundi sanifu wa maji, na nilikuwa nimevaa viatu vipya. Nilirudi navyo vimejaa tope. Mhandisi wa Maji, mzee mwembamba asiyepandisha sauti, aliinua chupa moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona nini, binti?"

"Maji machafu, mzee."

"Unaona udongo. Uchafu bado hujauona. Kapime."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Wakati wa masika maji ya mto wetu huwa na rangi ya chai ya maziwa, na kila mtu huyaogopa. Kiangazi hung'aa hata ukahesabu mawe chini, na watu huyanywa kwa viganja. Mara nyingine vipimo vyangu vilionyesha kuwa hayo ya kiangazi ndiyo yenye vijidudu vingi zaidi. Nilikaa na Mhandisi yule miaka sita, kisha nikahamishiwa Mikumi, ambako nilipima visima vya vijiji na mabwawa ya kuogelea ya nyumba za wageni. Kazi ilikuwa ya utulivu. Nikadhani nitazeekea pale.

Halafu ikaja barua ya uhamisho kwenda kisiwani. Kulikuwa na kituo kidogo kipya cha kupima maji ya ufukweni, kwa sababu wageni walikuwa wameanza kuja kuogelea. Nilipokwenda Kisanga kuaga, baba aliisoma barua mara mbili.

"Bahari nayo inapimwa?" akauliza. "Ili iweje?"

Niliikunja barua nikaitia mkobani. Sikujua hata kuogelea.

Chombo chetu kikuu kilikuwa sahani ya kupimia uangavu, yaani kiasi ambacho jicho linaweza kuona ndani ya maji. Ni sahani iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi, imefungwa kwenye kamba yenye alama za mita. Unaishusha kutoka kwenye boti mpaka ipotee machoni, unaandika kina. Unaivuta mpaka ionekane tena, unaandika. Kisha unachukua wastani. Majibu tuliyaandika kwa chaki kwenye ubao uliosimamishwa ufukweni.

Kando ya ubao ule walikaa akina mama wakulima wa mwani, wakifunga mbegu kwenye kamba huku wakisubiri maji yapwe. Mkubwa wao aliitwa Bi Mwanaidi. Nilipomwamkia siku ya kwanza aliitikia marahaba, akaitazama sahani yangu, akacheka.

"Mwanangu, nyinyi mnapima bahari kama mtu anayechagua khanga. Mnaangalia rangi tu."

Ndiye aliyenifundisha kuhusu bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Ufukwe wetu ulikingwa na mwamba mrefu, na mwamba huo ulikuwa na mlango mmoja. Maji yote yaliyoingia kwa kupita juu ya mwamba yalirudi baharini kwa mlango huo. "Ukitazama utapapenda," aliniambia. "Ni buluu, hapana mawimbi. Lakini bamvua likianza kupwa, pale panatoka maji na mtu wake."

Nilimpelekea maneno hayo Mkuu wa Kituo, bwana nadhifu aliyependa taarifa fupi. Niliomba tuyaandike kwenye ubao.

"Sisi tumeajiriwa kupima uangavu," alisema. "Mambo ya nani aogelee wapi yana wenyewe. Ukianza kutisha wageni, tutajibu nini?"

Niliitikia ndiyo. Nasema wazi, kwa sababu ninyi mafundi mnaoanza kazi leo mtaambiwa maneno ya namna hiyo: niliitikia bila kubisha, na nikarudi kwenye chaki yangu.

Asubuhi moja ya bamvua, saa moja, maji yalikuwa yamejaa na kutulia. Nilipima mita kumi na mbili, kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupata. Nilifurahi kama mtu aliyeyatengeneza maji yale mwenyewe. Chini ya namba nikaongeza, kwa herufi kubwa: MAJI SAFI SANA LEO.

Saa tatu, maji yameanza kupwa, alifika mwalimu mmoja kutoka bara, amekuja likizo na mkewe. Alisoma ubao, akavua shati, akaogelea moja kwa moja kuelekea kwenye ile buluu. Nilimwona. Nilikuwa nasuuza chupa, nikajisemea kwamba huyu anajua kuogelea.

Kisha nikaona anapiga maji kuja kwetu huku anazidi kwenda mbali. Mkewe aliingia majini mpaka magotini, akipiga kelele. Bi Mwanaidi alitupa kamba zake, akasimama, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Usipigane nayo! Lala chali! Jiachie!"

Yeye na mwenzake waliruka kwenye mtumbwi wao wa kubebea mwani, wakapiga kasia kuelekea mlangoni. Mimi, mtaalamu wa maji, nilibaki nimemshika yule mke mkono ili asimfuate mumewe. Walimpata nje ya mwamba, yu hai. Lakini mkondo ulikuwa umembamiza kwenye matumbawe, na goti lake la kulia halikukunjika tena maishani.

Jioni ile Mkuu wa Kituo aliniita.

"Andika kwamba mgeni aliogelea bila tahadhari."

"Alisoma ubao wangu, bosi. Niliandika safi, yeye akaelewa salama. Na habari za mlango nilikuwa ninazijua."

"Ukiandika hivyo, umejiandikia barua ya onyo kwa mkono wako."

Niliandika hivyo hivyo. Ukurasa wa kwanza niliurudia mara mbili. Barua ya onyo ilikuja, na baada yake uhamisho wa kurudi Kilosa, bila kupandishwa cheo kwa miaka mingi. Lakini taarifa ile ilisomwa na waliokuwa juu ya Mkuu wa Kituo. Kabla sijaondoka, Bi Mwanaidi aliitwa ofisini, akaketi kwenye kiti, akaulizwa bahari inakwendaje, na maneno yake yakaandikwa. Tangu hapo kila asubuhi ubao ulitaja saa ya kupwa na mahali pasipoogelewa.

Nimestaafu. Mafundi vijana hunitembelea wakiwa na vipimo vinavyotoa majibu kabla hujafumba jicho, na huwa wananiuliza nini cha kuzingatia. Huwaambia: kabla hujampa mtu jibu, mwulize anataka kufanya nini na maji hayo. Mnywaji, mfuaji na mwogeleaji wanauliza maswali matatu tofauti kwa maneno yaleyale.

Mwaka jana nilipigiwa simu. Yule mwalimu alikuwa amenitafuta, na Jumamosi akashuka stesheni ya Kilosa kwa treni mpya, mzee sasa, akitembelea fimbo. Nilipika wali na samaki. Alikula polepole, mguu ameunyoosha chini ya meza.

"Nilikuchukia sana," alisema. "Mpaka niliposomewa taarifa yako. Nilitarajia kila mtu aseme kosa ni langu. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nilishakusamehe zamani. Nimekuja kuuliza jambo moja. Zile mita kumi na mbili, zilikuwa kweli?"

"Zilikuwa kweli kabisa."

Aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Ni kweli," alisema. "Niliona mpaka chini. Nilikuwa nazama, na bado niliona kila kitu."

Nikamwongezea wali, naye hakukataa.